Mtoto Asiyekuwa Kwenye Kadi

Toongabbie, Sydney, 21 Februari 2021

Kaka Vénérand,

Tumsifu Yesu Kristo. Wewe na hiyo theluji yenu hamjambo? Sisi huku tungekuwa wazima kama si mama, na najua unasoma haraka haraka kutafuta hilo neno, kwa hiyo nisikuzungushe. Ini la mama limechoka. Daktari alinivuta pembeni kwenye korido akaniuliza kama mama ana watoto wengine walio mbali. Nikasema yupo mmoja, Kanada. Akasema, mwambie aje, na asikawie.

Isombe nimempikia, kisamvu kile cha kwetu, na mihogo. Anaonja, anasukuma sahani, anasema imekosa chumvi. Chumvi ipo, kaka. Mimi ndiye niliyeitia.

Tatizo unalijua. Mpaka wa Australia umefungwa tangu mwaka jana kwa ajili ya korona, hata raia wake wamekwama huko duniani wanalilia kurudi. Lakini si wewe ni mtu wa serikali? Si wewe uliyevalishwa medali na wakubwa wa Ottawa? Ile picha yako na medali kifuani niliitundika sebuleni, mama akaitoa, akaificha chini ya mto wake. Nilidhani ni mapenzi tu ya mama. Basi hiyo medali na ifanye kazi. Waandikie watu wa huku uwaambie mama yako anaumwa.

Naogopa. Nikiwa kazini Guildford nawalisha wazee wa watu, moyo uko Toongabbie. Nikisikia simu inatetemeka mfukoni naacha kijiko na kukimbilia koridoni.

Mdogo wako,
Fébronie

*

Ottawa, 23 Februari 2021

Dada yangu Fébronie,

Milele amina. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima wa mwili, hayo mengine tuyaache. Mpe mama salamu, mwambie yule Wa Baridi anamsalimu. Bado ananiita hivyo kwenye simu, tangu nimeondoka kule kambi ya wakimbizi hajawahi kunitamkia jina. Nimekwisha kuzoea.

Sasa tulia unisikilize. Kuna kibali maalumu cha kuingia kwa mtu ambaye mzazi wake yuko mahututi. Kinataka barua ya daktari na uthibitisho wa undugu. La kwanza utanitumia wewe. La pili ndiyo kazi yangu ya maisha. Unajua nilianza idara ya uhamiaji kama mkalimani kwenye vyumba vya mahojiano. Niliwaona Warundi wakikataliwa mchana kweupe, kaka na dada wa tumbo moja wanaambiwa si ndugu kwa sababu huyu ni Niyonzima na yule ni Nahimana. Nikawa afisa, nikaandika ule mwongozo: kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na hakuna jina la ukoo la kugawana. Kila afisa mpya hapa anausoma. Medali nimepewa kwa huo.

Nitauambatanisha kwenye maombi. Watausoma, wataelewa, nami nitakuja. Usilie kazini.

Kaka yako,
Vénérand

*

Ottawa, 2 Aprili 2021

Fébronie mdogo wangu,

Leo Ijumaa Kuu, kanisa limefungwa, nimesali jikoni. Mama ameamkaje? Anakula?

Wamekataa watu wa uhamiaji wa huko. Wanasema mimi ni Habonimana, mama ni Verdiane Barakamfitiye, na hakuna karatasi inayotuunganisha. Ni kweli. Kambini, kijana asiye na mke akifika umri alikatiwa kadi yake mwenyewe ya chakula, kwa hiyo mimi nilikuwa na yangu, nanyi mlikuwa na yenu. Kuhusu mwongozo wameandika kwa adabu sana: wameusoma, unasaidia, lakini mwandishi wake ndiye mwombaji, hivyo hauwezi kuwa ushahidi. Nilicheka, Fébronie. Nilicheka, halafu nikaisoma tena tangu mwanzo. Ningekuwa mimi kwenye meza yao ningeandika hivyo hivyo.

Kuna kubwa zaidi. Wamefungua jalada la mama la alipohojiwa kuja Australia. Mle kuna mtoto mmoja tu, wewe. Sijui ilikuwaje, pengine karani alikosea. Watampigia mama simu, wakiwa na mkalimani wa Kirundi, wamuulize wenyewe. Ni bahati yetu. Aseme tu ukweli na mambo yataisha.

Kaka yako,
Vénérand

*

Toongabbie, 20 Aprili 2021

Vénérand,

Salamu baadaye.

Wamepiga jana. Mimi nilikuwa kazini. Nyumbani alikuwepo Chebet, yule nesi Mkenya anayekuja kumhudumia mama, ndiye aliyemshikia simu. Kirundi hakijui, lakini alikisikia Kiingereza cha mkalimani, na alimwona mama anavyotikisa kichwa. Wamemuuliza, una mtoto Kanada? Akasema sina. Wamemuuliza, Vénérand Habonimana ni nani wako? Akasema simjui mtu huyo. Wakauliza mara ya tatu, akawaka: "Nina mtoto mmoja, Fébronie, tazameni kadi!"

Nimerudi nikamkuta amekaa kitandani ametulia, uso umenawiri kama aliyetoka komunyo. Ananiambia, "Serikali walikuwa wanamtafuta kaka yako. Nimemlinda."

Nilitaka kupasua kitu. Nikamuuliza, mama, nani alikwambia umkane mwanao? Akasema, "Yeye mwenyewe."

Unakumbuka, bwana mkubwa? Au medali imekusahaulisha? Ile barua uliyotuma kambini wakati jina letu limetoka la kuja Australia, Padri akamsomea mama faragha, mimi sikuitwa. Mama anaijua kwa moyo: "Ukiulizwa watoto, taja wa kwenye kadi tu. Usinitaje kwa afisa, wala kwenye simu, wala hata mkishafika, mpaka mimi mwenyewe nikuambie." Na hukumwambia! Miaka yote hii anakuita Wa Baridi, nasi tunacheka. Parokia nzima hapa inajua mimi ni mtoto wa pekee. Chebet ameniuliza jana kwa upole, "Dada, kwani huyo broo ni wa kweli?"

Nimemwambia mama haya yamepita, aseme tu. Ananiambia mimi nilikuwa mtoto, sijui kambi. Anasema akisema sasa, watatunyang'anya uraia na kuturudisha sote. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kujiuliza kama huenda ana haki. Usiku kucha sikulala. Ngozi yake imeanza kuwa ya njano hadi machoni.

Fanya kitu.

Fébronie

*

Ottawa, 9 Mei 2021

Dada,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya kazi.

Nakumbuka. Si wakati ule naandika Aprili, hapo nilikuwa nimesahau kabisa, naapa. Uliponiandikia maneno yenyewe nikayakumbuka, hata meza niliyoandikia. Kambini kulikuwa na uvumi kwamba mwenye mtoto Kanada ataambiwa asubiri huyo mtoto amchukue, na faili lake la Australia litachanwa. Niliogopa mtabaki huko. Nikaandika mstari huo mmoja nikinuia kuufuta mkishafika na kutulia. Kwangu uliisha siku mliyopanda ndege. Sikufikiri kwamba mama hawezi kuuacha mpaka aambiwe.

Wiki iliyopita nilimpigia. Nikamwambia, mama, nimekufungulia, sema jina langu. Akakata simu. Nilipopiga tena akasema, "Wewe kijana, simu zinasikilizwa. Alichofunga kwa barua akifungue kwa barua." Basi barua iko hapo chini. Kirundi cha kuandika kinatushinda wote wawili, nimeandika Kiswahili, umtafsirie neno kwa neno na usiongeze lako.

Kuhusu uraia: nimeongea na wakili wa huko Parramatta. Anasema nilikuwa mtu mzima, najitegemea, niko nchi nyingine, mama hakupata faida yoyote kwa kutonitaja. Hata hivyo nimeapa kwa maandishi kwamba kosa ni langu, nilimwagiza mimi. Nakala nimempelekea bosi wangu hapa mwenyewe kabla hajaisikia kwingine. Mtu anayefundisha maafisa kutambua familia kumbe aliiambia yake ifiche mtoto. Hakufoka. Aliniambia nikae nyumbani kwanza, na mafunzo watamtafuta mwingine. Mwongozo nao umewekwa kando utazamwe upya. Usinionee huruma kwa hilo. Mwonee mama.

Vénérand

Kwa Mama Verdiane, isomwe na Fébronie:

Mama mzazi, nakusalimu nikiwa nimepiga magoti. Ni mimi, Vénérand Habonimana, mtoto wako wa kwanza. Zamani nilikuandikia usinitaje. Ulilishika neno langu kuliko nilivyolishika mimi. Leo nakuandikia kwamba limekwisha. Hakuna anayenitafuta kwa ubaya. Hakuna atakayewarudisha. Afisa akipiga, mwambie unaye. Mwambie jina. Mwambie kila mtu. Ningependa kukuona, mama, na mlango umebaki mikononi mwako. Mwanao, Vénérand.

*

Toongabbie, 30 Mei 2021

Kaka,

Mzima wewe? Maana mimi nimelia hadi macho yamevimba, lakini safari hii kilio cha namna nyingine.

Nilimsomea. Akaniambia nisome tena. Halafu akauliza, "Ametia jina lake?" Nikamwonyesha mahali jina lilipo, akaligusa kwa kidole. Barua ikaenda chini ya mto, pamoja na picha yako. Nikamwuliza, sasa utasema? Akasema, "Wapige kwanza."

Kuwashawishi wapige tena, hiyo ilikuwa vita. Nimekaa kwenye simu nikisikiliza muziki wao mpaka nikauchukia. Hatimaye Ijumaa wakapiga, yule yule afisa wa kike wa mara ya kwanza, na mkalimani. Niliweka sauti juu. Kabla hajaulizwa kitu, mama akasema, "Wewe ndiye wa siku ile? Siku ile nilikudanganya. Leo kaa chini."

Kaka, alisema! Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Akasema, "Ninaye. Anaitwa Vénérand Habonimana. Nilimzaa njiani tukikimbia mwaka wa sabini na mbili, kwenye majani, hapakuwa na mtu wa kushuhudia. Ndiyo maana baba yake akampa jina hilo, kwamba aonaye ni Mungu. Sasa unaniuliza mashahidi?" Yule afisa akataka kuuliza la pili, mama hakumpa nafasi. Akaeleza kovu lako la gotini. Akaeleza ulivyokuwa unakula udongo. Akaeleza jinsi ulivyonibeba mgongoni kwenda zahanati ukadanganya kwamba sina uzito. Nikimtazama, analitaja jina lako kila sentensi hata pasipo haja, Vénérand hivi, Vénérand vile, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Katikati tukamsikia mkalimani anapenga kamasi. Afisa akasema, "Take your time," yaani asiharakishe.

Sijui watasemaje. Lakini baada ya hapo mama ameomba uji, na hakusema umekosa sukari.

Mdogo wako,
Fébronie

*

Ottawa, 12 Julai 2021

Fébronie,

Haraka haraka, salamu kwa wote. Kibali kimetoka tangu mwezi uliopita, unajua. Ndege ndiyo hakuna. Wamepunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia Sydney kila wiki, nimepata tiketi, ikafutwa, nikapata nyingine, ikafutwa. Nimelala na begi mlangoni. Nasikia nanyi mmefungiwa, virusi vipya vimeingia upande wenu wa magharibi na polisi wako barabarani. Chebet bado anaruhusiwa kuja? Mama bado anakaa mwenyewe au mnamwegemeza?

Mwambie nakuja. Mwambie kila asubuhi.

V.

*

Sydney, hotelini, 9 Agosti 2021

Dada mpendwa,

Nimefika, niko karantini ya wiki mbili. Nakuandikia kutoka ghorofa ya juu katikati ya jiji, dirisha halifunguki, chini naona reli ya tramu isiyo na abiria. Askari yuko koridoni. Chakula kinaachwa mlangoni, wanabisha na kukimbia. Niko mji mmoja na mama na siwezi kumgusa. Nikiwa Ottawa niliweza kuvumilia, hapa siwezi. Natembea kutoka kitandani hadi bafuni nikisali rozari.

Nimeomba ruhusa ya kutoka kumwona walau kwa saa moja, nikiwa nimevaa chochote watakachotaka. Wananijibu kwa upole kwamba linashughulikiwa. Maneno hayo nimewahi kuwaandikia watu mimi mwenyewe, tena mengi. Sikujua yanaumaje.

Jana kwenye video mama alinitazama. Akasema, "Umezeeka, Vénérand." Sijawahi kusikia sifa nzuri kama hiyo.

Ule mfuko wa maharage na mchicha wa lengalenga nimeupata, Mungu ambariki yule Révérien wenu wa parokiani kwa kunifikishia. Nimekula nikilia, pilipili kisingizio.

Kaka yako aliye karibu,
Vénérand

*

Toongabbie, 11 Agosti 2021

Kaka Vénérand,

Umeamkaje huko gerezani kwenye mashuka meupe? Barua hii naiweka kwenye mfuko wa chakula, Révérien anapita kesho na gari lake.

Nakuchekesha kidogo. Jana ilikuwa sensa nchi nzima. Nikakaa na kompyuta karibu na kitanda, nikasema, mama, wanauliza tuko wangapi nyumbani. Akasema, "Watatu." Nikamwambia kaka hayupo hapa, yuko hotelini, huko watamhesabu. Akaniangalia kwa jicho lile. "Andika watatu. Sikumtaja miaka yote hiyo, leo aulizwe halafu tumwache?" Nimejifanya naandika. Chebet naye kila akija anasimuliwa upya, mimi natafsiri, sasa anakuita kwa jina kama mmesoma pamoja. Padri akipiga simu kumwombea, mama anamkatiza amwambie ana mtoto wa kiume na ana medali. Picha imerudi sebuleni. Ameniamuru niitundike ili aione mlango ukiwa wazi.

Hayo ni ya kucheka. Ya kweli ni kwamba hata uji hanywi tena. Anakunywa maji kwa kijiko. Analala, anaamka, anauliza kama umetoka. Namwambia karibu. Anasema, "Karibu lini?" Wasukume hao watu, kaka. Nakuomba. Wasukume.

Fébronie

*

Toongabbie, 17 Agosti 2021

Kaka yangu,

Nilipokupigia jana asubuhi hatukuongea, tulilia tu, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo simu haikuweza.

Hakuumia. Chebet alikuwa amempa dawa, akamgeuzia uso mlangoni kama alivyopenda. Nilikuwa nimemshika mkono. Aliuliza, "Vénérand ametoka?" Nikasema ametoka, yuko njiani, amefika Parramatta. Nilimdanganya, kaka. Akasema, "Basi weka maji jikoni, atakuja na njaa." Nikaenda kuweka maji. Niliporudi alikuwa amekwenda.

Najua saa chache baadaye walikuletea ruhusa yao chini ya mlango. Usiichane, kama bado hujaichana. Ndiyo itakayokutoa uje mazishini. Wanaruhusu watu kumi tu. Nimehesabu, tunatosha.

Mchana alikuja mtu wa mazishi, kijana mpole amevaa barakoa mbili, akasimama barazani kwa sababu haruhusiwi kukaa. Alikuwa na maswali ya cheti cha kifo. Jina la marehemu, alizaliwa wapi, wazazi wake kina nani. Mengine sikuyajua, nikasema hivyo. Halafu akauliza watoto. Sikujua kwamba huku cheti cha kifo huandikwa watoto wote wa marehemu. Nikaushika mlango. Ile hofu yote ikanirudia, kadi, faili, ile simu ya kwanza.

Nikasema wawili. Vénérand Habonimana. Fébronie Nahimana.

Akaandika. Akaniomba nimtajie herufi moja moja, nikamtajia. Nilikuwa nasubiri aulize kwa nini majina hayafanani, nilikuwa nimejiandaa na mwongozo wako mzima kichwani. Hakuuliza. Aliuliza tu nani mkubwa.

Cheti kitatoka wiki ijayo. Kitakuwa na muhuri wa serikali, na sisi watatu tumo. Ukitoka hapo njoo moja kwa moja nyumbani. Maji yako jikoni.

Wa tumbo moja nawe,
Fébronie